Simu ya Saa Sita

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima walimwita Bi Sindano, na jina hilo halikutokana na kushona. Lilitokana na ulimi. Akikuchoma kwa neno, tundu hulioni. Unasikia maumivu ukishafika kwako.

Mimi natengeneza redio. Kibanda changu kiko chini, barabarani, ubavuni mwa fundi viatu tunayemwita Soli. Nyumba yetu iko juu kwenye mteremko. Unapanda ngazi za mawe katikati ya nyumba za watu, unapita mfereji, unafika. Kutoka kibandani naliona paa letu. Mlango siuoni.

Redio ndiyo iliyotukutanisha. Alileta ya baba yake, hailii. Nikaifungua mbele yake, nikatoa mende mkavu.

Akasema, "Kumbe mtangazaji alishafariki."

Nilicheka mpaka bisibisi ikaniponyoka. Na mimi si mtu wa kucheka.

Haikupita wiki akarudi na redio ileile, imezima tena. Nikaifungua. Waya mmoja ulikuwa umekatwa. Mkato safi kabisa, wa mkasi wa nguo. Sikumwambia kitu. Niliuunga, nikasema redio hii nitaileta mwenyewe hadi kwenu. Ndivyo nilivyojua njia ya kwao.

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti. Amesoma, yuko benki katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alisomeshwa zaidi na cherehani kuliko redio, nami nalisema hilo bila haya. Mama yake alishona sare za shule, mapazia, magauni ya harusi. Alikuwa hapimi watu sana kwa futi. Alikutazama unavyoingia mlangoni, basi, amekwisha kukupima. Na hakuwahi kutoa nguo yenye mfuko usio na kifungo. Mteja akisema hataki kifungo, humjibu, "Mfuko usio na kifungo ni mdomo wazi. Wewe unatembea mdomo wazi?"

Akatia kifungo.

Usahaulifu ulimjia polepole. Siku moja alitafuta tondoo yake, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, chumba kizima, akainua hata mkeka, na tondoo iko kidoleni. Tulicheka wote wawili. Kisha akashona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Hapo hatukucheka. Alikaa akalifumua peke yake, uzi kwa uzi, wala hakutaka nimsaidie kushika taa.

Halafu akaanguka penye ndoo za maji. Hospitali wakasema ni presha, tena ya siku nyingi. Muuguzi mmoja, mama mpole mwenye sauti nzito, akatupa vidonge. Cha asubuhi, cha mchana, cha jioni.

"Hiki cha mchana ndicho chenye nguvu," alituambia. "Akikiruka, presha inapanda. Akikirudia, inaporomoka. Vyote viwili vinaangusha mtu. Tumeelewana, Baba?"

Nikasema tumeelewana.

Asubuhi na jioni nilikuwapo. Tatizo lilikuwa mchana. Saa sita ndipo watu wa maofisini wanapotoka, na mteja wa redio akikuta kibanda kimefungwa harudi. Nilimwambia mke wangu nitakuwa napanda nyumbani mchana kumpa dawa. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Ukifunga saa sita, saa nane utafungua kwa ajili ya nani? Kaa kazini kwako. Mimi si mtoto wa kulishwa."

Basi nikakaa kazini kwangu. Na vidonge vya mchana vikaenda vinavyotaka. Mara kimebaki, mara kimemezwa pamoja na mwenzake.

Binti yetu alikuja kutusalimu. Akachukua pakiti za dawa, akahesabu vidonge vilivyobaki. Baadaye akaniita uani.

"Baba, sikulaumu. Lakini Mama akianguka tena, namchukua. Nina chumba cha ziada, na hospitali iko jirani."

"Na mimi?"

"Nawe uje. Utaacha kibanda?"

 Sisi wawili tulijua jibu.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Mnanigombania kama kitambaa cha mnadani," akasema. Binti alipoingia ndani, akanisogelea. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Mzee, mimi nataka kufia kwenye nyumba yangu. Fanya ufanyavyo."

Mimi sikusoma. Lakini fundi redio hatupi kitu. Chini ya meza yangu ya kazi kuna makaburi ya vyombo vya watu: saa, kanda, spika, pasi, simu. Nikaanza kufukua.

Nilianza na saa ya mezani, ile ya kengele mbili kichwani. Niliitega saa sita. Jioni nikaikuta chini ya rundo la vitambaa, imefunikwa na mto juu yake.

"Inapiga kelele kama imeibiwa," akasema. "Nimeilaza."

Nikajaribu taa. Cherehani yake ilikuwa na taa ndogo, nami nikaiunganisha na saa ya redio mbovu, ili ikifika saa sita taa izime. Niliwaza hivi: taa ikizima atasimamisha kazi, akisimama atakumbuka dawa. Taa ilizima vizuri sana. Mke wangu akasema umeme umekatika, akatoka nje, akakaa kwa jirani mpaka jioni akilaani watu wa umeme. Jirani naye akawalaani bila hata kwenda kuwasha taa yake kuhakikisha.

Nikachukua redio kaseti kuukuu, nikaitia sauti yangu. Saa ikiwasha, kanda inasema, "Mama, saa sita. Meza dawa." Hii aliisikia. Ila alikuja juu.

"Sauti yako mle ndani ni ya mtu aliyekabwa koo. Tena huningoji niitike. Unaita, unakata. Tabia gani hiyo?"

Nikarekodi upya. Safari hii nikaita, "Mama," nikaacha nafasi ya mtu kuitika, ndipo nikasema la dawa. Ikawa nzuri. Jirani alinikuta kwenye ngazi akaniambia, "Siku hizi mnaongea sana mchana, Mzee Waya. Ujana umerudi?" Kumbe Bi Sindano alikuwa anaijibu kanda, tena kwa kirefu.

Lakini vidonge vilibaki palepale. Nikamuuliza, "Unaitika, mbona humezi?"

"Hukuuliza kama nimemeza."

Nililala nalo hilo. Alisema kweli. Kuita hakutoshi. Anayeita angoje, aulize, asikie jibu. Kanda haiwezi.

Ndipo nikazitoa zile simu. Zilikuwa mbili, nyeusi, nzito kama mawe ya kusagia, za enzi za zamani. Unazungusha kishikio ubavuni, kengele inalia upande wa pili. Zilitoka kwenye ghala lililofungwa, zikanijia na chuma chakavu, nami nikaziweka kwa kuwa zilinipendeza. Simu za namna hiyo hazitaki kampuni wala vocha. Zinataka waya na betri kavu; ya mkononi mke wangu hakuwahi kuizoea.

Nikavuta waya kutoka kibandani, juu ya mfereji, kwenye uzio wa huyu na ukuta wa yule, mpaka dirishani kwetu. Kila mwenye uzio nilimwomba ruhusa. Jirani yetu alikubali kwa sharti moja, aanike nguo za mjukuu wake juu yake.

"Ukisikia maneno yana unyevu," akasema, "ujue ni nepi."

Siku ya kwanza, saa sita, nilizungusha kishikio. Soli akaacha kiatu cha mtu, akasogea. Nikasikia mkono wa simu ukiinuliwa kule juu.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu yuko kazini. Piga baadaye."

Soli alicheka akakaa chini. Mimi nikamwambia, "Mama, chukua kidonge. Usiweke simu. Nataka nisikie." Nikasikia karatasi ya dawa, nikasikia kikombe, nikasikia maji yakipita.

"Kimeshuka," akasema.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kengele, kidonge, kimeshuka. Lakini hakukata. Wala mimi sikukata. Akaniuliza nani kapita barabarani. Nikamwambia kapita yule mwalimu mwenye suruali fupi. Akasema, "Si fupi, yeye ndiye aliyerefuka, suruali niliishona mimi." Kesho yake akaniuliza tena. Nikaanza kuwatazama watu barabarani nipate cha kumwambia.

Miaka yote tulikaa chumba kimoja tukawa tunaongea kwa vyombo. Kikombe kikiwekwa kwa kishindo, kuna neno. Sahani ikisukumwa taratibu, neno limekwisha. Kwenye waya hakuna kikombe wala sahani. Ilibidi tuseme. Siku moja, baada ya kidonge kushuka, akasema, "Ule waya wa redio niliukata mimi."

Nikamwambia najua.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na ukanyamaza miaka yote hii! Mwanamume una moyo wa jiwe wewe." Nikasikia anacheka, na cherehani ikaanza.

Muuguzi alimpima akasema presha imetulia. Binti akapiga simu ya mkononi akasema haya, Baba, umeshinda. Nami nikajiona kweli nimeshinda.

Kisha siku moja niliishiwa risasi ya kuchomelea. Nikavuka barabara kwenda dukani, foleni ikaniweka. Nilikuwa nimekwisha kumpigia, kidonge kimeshuka. Soli akabaki akitazama vibanda vyote viwili. Akaja mteja, akaiona ile simu, akasema kitu hiki ni pambo tu. Soli naye hapendi kubishiwa. Akazungusha.

"Shemeji, hujambo? Naonyesha mtu mashine yetu."

"Sijambo, Soli. Viatu vya watu umevimaliza?"

Wakacheka. Akaja mteja wa pili, Soli akamwonyesha naye. Hakuna lililomwambia kuna ubaya. Ameamkiwa shemeji, kuna ubaya gani?

Lakini mkono wa mke wangu ulikuwa umejifunza kengele. Kengele ikilia, mkono wa kushoto unashika simu, wa kulia unakwenda kwenye dawa. Kila alipoitika, alimeza. Alikuwa anafanya nilichomfundisha.

Nilikuwa ndiyo narudi kutoka dukani jirani aliposhuka ngazi akipiga kelele. Tukamkuta kando ya cherehani, kitambaa bado kimeng'atwa na sindano.

Hospitali walimrudishia fahamu. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza.

"Baba, mkono wake unafuata kengele," akasema. "Na kengele haijui kama kidonge kimekwisha kumezwa."

Mke wangu alikuwa amelala pale kitandani, macho yamefumba. Nilidhani hasikii.

Soli alikuja mpaka mlango wa wodi, kofia mkononi, asiweze kuingia. "Mzee," akasema, "mimi nilikuwa natania tu." Jirani akamjibu, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha."  Nilimwona jinsi alivyokuwa.

Binti akaja. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Alifunga nguo za mama yake kwenye sanduku, akatia na mkasi, kisha akautoa mkasi akauweka mezani.

Kwenye basi Bi Sindano alikaa dirishani. Nilisimama chini, sijui mikono yangu niiweke wapi. Akainamisha kichwa kwenye uwazi wa kioo.

"Mzee, saa sita usizungushe ile simu. Hakuna mtu nyumbani."

Basi likaondoka.

Nilikaa na lile neno msimu mzima wa mvua. Nilitengeneza redio za watu, jioni nikapanda, nikapika, nikala nimesimama. Cherehani niliifunika shuka. Siku nyingine niliifunua ili ipate hewa, nikaifunika tena. Saa sita Soli alikuwa anageuza uso upande wa barabara. Siku moja nilirudi kutoka msalani nikamkuta anaifuta ile simu vumbi kwa brashi ya viatu. Aliponiona akaendelea na kiatu, kama vile brashi ilipita pale kwa bahati mbaya.

Kwa simu ya mkononi nilimpigia binti kila jioni.

"Anameza vizuri, Baba. Mchana natoka kazini namsimamia mwenyewe. Presha iko sawa kabisa."

"Mwenyewe anaendeleaje?"

"Anakaa."

"Anakaa tu?"

"Anakaa, Baba."

Kisha alimwekea simu sikioni. Nilisikia anapumua. Nilisema, "Mama." Nikaacha nafasi. Hakuitika. Nadhani alikuwa hajui ile simu ndogo isiyo na uzito ni ya nini. Nilimweleza aliyepita barabarani siku hiyo, nikaaga. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini yalitaka saa sita na yalitaka waya.

Halafu ikaja jioni ambayo binti ndiye aliyepiga.

"Baba, Mama amekata pazia langu."

"Amelikata vipi?"

"Kwa mkasi wa kucha, Baba. Pazia la sebuleni, jipya. Nimerudi nimemkuta ameshona kwa mkono, amekaa chini, ameshona. Sijui hata sindano ameitoa wapi."

"Ameshona nini?"

"Kitambaa cha kutundika ukutani. Kina mifuko mitatu. Kila mfuko una kifungo chake. Cheupe, chekundu, cheusi. Nimemuuliza, Mama, hiki nini? Unajua amenijibu nini? Amesema, 'Ni cha kurudia nyumbani.'"

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani, simu sikioni.

"Amenieleza, Baba. Cheupe cha asubuhi, chekundu cha mchana, cheusi cha jioni. Anasema kengele na ilie inavyotaka, mfuko mtupu ni mtupu. Baba, hajasema maneno mengi namna hiyo tangu aje." Nikasikia binti yangu analia. "Hapa anameza dawa. Haongei, hacheki, hanigombezi. Mimi nimezoea kugombezwa."

Wakaja na basi la Jumamosi. Nilikuwa kituoni kabla mtu hajafagia. Alishuka akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Shati hilo umelipiga pasi na nini, na sufuria?"

Tukapanda ngazi, yeye mbele, binti nyuma yake mikono tayari. Alitundika kile kitambaa cha pazia mwenyewe, kando ya simu, akapima usawa wake kwa jicho. Binti alikaa wiki nzima kutuangalia. Muuguzi naye alielezwa, akakubali, ila alitaka vidonge vingine visikae nyumbani ninapotoka. Hilo lilikuwa jepesi. Nilitoa matumbo ya redio moja kubwa ya mbao, nikaifanya kasha lenye kufuli, nikaiweka kibandani. Asubuhi nilipotoka nyumbani, mfuko mmoja tu ulikuwa na kitu, ule wa kifungo chekundu. Iliyobaki yote nilishuka nayo.

Saa sita nikazungusha.

"Mfuko?"

"Umefunguliwa."

"Kidonge?"

"Kimeshuka. Nani kapita?"

Soli alikuwa ameishonea ile simu koti la ngozi lenye mkanda na bizimu ya kuufungia, mtu asiiguse ovyo. Nilipaswa kufungua mkanda kila siku kabla ya kupiga. "Nimeivalisha kiatu," aliniambia. "Shemeji amesemaje?" Nikamwambia shemeji amesema mshono umepinda. Alifurahi kuliko kama angesifiwa.

Kengele ililia ovyo mara moja tu baada ya hapo, siku ya upepo, waya uligusana na bati. Niliacha kila kitu nikapanda mbio, kwa miguu yangu hii. Nikamkuta ameshika simu sikioni, mkono wa kulia umo ndani ya mfuko wa kifungo chekundu, unatafuta. Mfuko mtupu. Alinigeukia akasema, "Nimekwisha kumeza, nadhani," akarudi kwenye cherehani yake.

Dawa haikukosewa tena. Lakini dawa ya presha ni ya presha. Usahaulifu uliendelea na njia yake. Alianza kushona vitu visivyo na mwenyewe, mikono bila mashati, makola bila shingo. Nilimletea vitambaa hivyohivyo. Mshono ulikuwa umenyooka.

Siku moja nilizungusha, akainua.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu yuko kazini," akasema. "Piga baadaye."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nikamuuliza, "Nimwambie nini nikimwona?"

Akafikiri. Nilisikia nguo za mjukuu wa jirani zikipiga waya kwa upepo.

"Mwambie awahi kurudi."

Nilifunga kibanda palepale, wateja wamesimama. Nilipofika mlangoni, nimeishiwa pumzi, akaniangalia vizuri, akanijua.

"Mbona umefunga kazi saa hizi? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi rudi. Watu wanakungoja."

Nikamtazama akimeza, nikarudi.

Aliondoka asubuhi. Alikuwa ameamka vizuri, amefungua kifungo cheupe, amemeza, ameomba kiti kisogezwe kwenye jua. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu nishuke kazini. Mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani. Likasimama. Niliinua macho nikamwona ameinama juu ya kitambaa. Nilidhani anatunga uzi.

Binti alifika jioni. Baada ya watu kupungua, alikwenda akasimama mbele ya lile pazia lake. Akatia kidole kwenye mfuko wa kifungo cheupe.

"Alimeza?"

"Alimeza."

"Angekuwa kwangu, Baba, pengine angekuwa hai."

"Pengine," nikasema.

Akalia, nikamshika. Hakunilaumu, nami sikuwa na la kujitetea. Mama yake alitaka kufia kwenye nyumba yake, akafia kwenye nyumba yake, nami nikiwa hatua chache kutoka kwake. Ndicho nilichoombwa, na ndicho nilichofanya. Watu wanafika wanakaa wananiambia hilo ni jambo la kushukuru. Nashukuru. Wakiondoka, bado namtaka.

Binti alitaka nifuatane naye. Nilimwambia kuna redio za watu sijazimaliza. Alijua, akanibusu kichwani, akaenda zake. Ananipigia jioni, na mimi namwambia nani kapita barabarani.

Siku hizi saa sita nafunga kibanda. Wateja wananung'unika. Soli huwaambia, "Mzee amekwenda nyumbani mara moja, subirini." Napanda zile ngazi taratibu, nafungua mlango, nakaa kwenye kile kiti kilichosogezwa juani. Hakuna ninachofanya pale. Jua likiondoka kwenye kiti, nashuka, nafungua tena, na watu huwa wananisubiri.